Ureno Niliyoipika Uyole

Kwa maneno ya Bi Batuli, mke wa Gideoni alimfungia mama mkwe wake ndani siku nne huko Ureno, akamwachia samaki wa chumvi ambaye hata hajalowekwa na jagi la maji, halafu yeye na mumewe wakaenda kula hotelini. Siku ya tano mama wa watu akaanguka. Majirani Wareno wakavunja mlango. Na ndiyo maana, alisema Bi Batuli, Mama Gideoni alishuka pale uwanja wa ndege wa Songwe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa kama mgonjwa.

Aliyasema haya akiwa dukani kwake, hapa Uyole, anampimia mtu mchele, na kila alipoyarudia siku ziliongezeka. Jumatatu zilikuwa mbili. Kufika Ijumaa zilikuwa nne na mlango umeshavunjwa.

Bi Batuli hajawahi kufika Ureno. Na mimi sijafika. Lakini nilijua kwamba kile kiti cha magurudumu Gideoni alikiomba mwenyewe, ili mama yake asipotee wakati wa kubadilisha ndege, maana safari ya kwanza alipotea. Nilijua hakuna mlango uliovunjwa. Na kwa nini Mama hakula huko, nalo nililijua, tena kuliko mtu mwingine yeyote. Nilisimama pale dukani na kikapu changu nikayasikiliza yote mpaka mwisho, nikanunua chumvi, nikaaga kwa adabu, nikaondoka.

Mimi ni Devota. Kwetu ni Ilula, wazazi wangu wanauza nyanya kando ya lami. Nilimaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa yakatoka, langu halikuwemo. Nikaletwa Mbeya kwa Mama Bertha, ambaye majirani wanamwita Mama Gideoni, mjane wa Kinyakyusa aliyekuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano. Wakati wa mambo haya nilikuwa nimemaliza miaka sita kwake. Kazi za nyumba nilifanya zote, ila kazi yangu hasa ilikuwa kupika, na hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kumwangalia Mama akila.

Mama ni mtu wa kula kidogo na kwa kuchagua. Chakula kikimpendeza, jicho lake la kushoto linafumba kidogo na shingo inameza haraka. Kisipompendeza hasemi neno. Anaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa sahani na kuisogeza mbele, polepole, kama unavyomsogeza mtoto wa jirani aliyekusimamia njiani. Afadhali angefoka. Siku akisogeza sahani, mimi hata chai sinywi.

Gideoni ni mtoto wake wa pekee. Ni muuguzi Uswidi, na anaishi huko na mkewe Eveline na mtoto wao wa miaka mitatu. Mwaka juzi walimchukua Mama akakaa kwao mwezi mmoja, akala mkate na chai mwezi mzima, akarudi magauni yote yanamning'inia. Tuliyapunguza yote kwa fundi. Kwa hiyo safari hii Gideoni akasema likizo yake ya mwezi wa sita hawatakaa Uswidi. Watapanga nyumba kwenye nchi yenye joto na yenye watu wanaojua kula, na Mama ndiye achague: Italia, Ugiriki au Ureno. Alituma picha za vyakula vya kila nchi. Mama alivaa miwani akaziangalia zote, moja moja, akailaza simu mezani.

"Nchi haichaguliwi kwa macho," alisema. "Devo, nipikie hizo nchi."

Ndivyo ilivyokuwa hata nikapika Ulaya kwenye jiko la mkaa mwezi wa tano wote. Eveline ndiye aliyekuwa akinitumia video. Lazima niliseme hili, kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Alichagua zile fupi, na chini yake aliniandikia kwa Kiswahili: hiki ni bilinganya, hiki kama hukipati weka kitunguu, hapo punguza moto. Mwisho alimalizia kila mara na "pole na kazi, mdogo wangu." Yeye ni Mhehe wa Iringa mjini na mimi ni Mhehe wa Ilula, lakini hakuwa na haja ya kuniita mdogo wake, na alikuwa akiniita. Maneno ya kwenye video sikuyaelewa. Nilizima sauti nikawa naangalia mikono. Mikono inaeleweka.

Tulianza na Italia. Nilipika tambi na rojo la nyanya, kama mikono ilivyofanya, bila kuongeza wala kupunguza. Kumbe Mama, aliposikia tambi, kichwani mwake aliziona zile za sukari na iliki anazoletewa na Bi Batuli kila Idi. Alitia uma mdomoni akiwa ameshajiandaa kwa utamu, akakutana na chumvi na nyanya. Alitafuna, akameza, akasogeza sahani. Siku hiyo alishindia chai. Zile tambi nilizila mimi jikoni juu ya kigoda, na hazikuwa mbaya.

Wiki iliyofuata ilikuwa Ugiriki. Nilichoma nyama na kando yake nikaweka mtindi uliochanganywa na matango na kitunguu saumu. Mama alicheka. Alisema nyama ni nyama, hana neno nayo, lakini huyo mtu wa kwanza kutia matango kwenye maziwa alikuwa na matatizo gani nyumbani kwake. Kisha kidole kikaenda ukingoni mwa sahani.

Hakunigombeza. Ila jioni yake nilikuwa naanua nguo, dirisha liko wazi, nikamsikia akimwambia Gideoni kwenye simu kwamba labda aachane na safari, abaki tu nyumbani. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba siku hizi hata mkono wa Devota umechoka.

Nilikaa na lile neno wiki nzima. Mtu mwingine ana vyeti, ana mume, ana duka. Mimi nilikuwa na mkono.

Ikaja Ureno. Eveline aliandika kwamba Wareno wanakula samaki aliyekaushwa kwa chumvi: mloweke siku mbili, badilisha maji asubuhi na jioni, mchambue, mchanganye na viazi mviringo, vitunguu, mayai ya kuchemsha, zeituni, na mafuta usiyaonee huruma. Nilipata samaki mkavu wa Kyela pale sokoni. Nililoweka siku mbili. Nilibadilisha maji. Nilipika kama mikono ilivyofanya, isipokuwa zeituni sikuzipata. Kilipoiva nikaonja. Kilikuwa kikavu, kinateleza kwa mafuta, na chumvi yake inasikika kwa mbali, ikija nyuma ya viazi. Kilikuwa na utamu wake, sitasema uongo. Lakini ulikuwa utamu wa watu wengine, na mimi kidole cha Mama nilikuwa nimeshakiona.

Mama alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama na angerudi saa saba. Nilitoka haraka mpaka kwa Bi Batuli nikachukua nazi mbili. Nikakuna, nikakamua tui la kwanza, zito, sikutia maji mengi. Mayai nikayatoa. Nikatwanga karanga konzi moja, nikarudisha jikoni kikachemka taratibu mpaka mchuzi ukashika kijiko. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilijiambia nakirekebisha tu, kama fundi alivyoyapunguza magauni.

Mama alikula kimya. Jicho la kushoto likafumba. Akaniomba kipande cha ugali wa jana, akafutia sahani nacho, akakaa kitambo anajilamba kidole gumba. Kisha akasema:

"Kumbe Wareno ni watu."

Akampigia Gideoni hapo hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: nimetia nazi, Mama. Siku ile angecheka, nina hakika angecheka, na pengine angeichagua Ureno vilevile kwa kuniridhisha. Kabla sijayasema Mama akanipa simu ili Gideoni anishukuru. Akanishukuru. Akasema hajamsikia mama yake na furaha namna ile tangu baba afariki. Kisha Eveline akaichukua simu, akaniomba nimpigie picha kile chakula, ili wakifika huko wawaonyeshe wahudumu wa hoteli wasije wakaletewa kingine.

Nikamwambia kimeisha. Sufuria ilikuwa na nusu yake.

Mama aliondoka mwezi wa sita na magauni mawili mapya. Siku ya tatu akapiga. Nilikuwa bombani nje, mikono ina povu, nikaibana simu begani.

"Devo," alisema, "hiki wanachonipa hapa si kile."

Nyuma yake nilimsikia Eveline akisema polepole kwamba kesho watajaribu mahali pengine, au kama Mama angependa apike ugali, unga amekuja nao. Mama akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hakupanda ndege mbili kuja kula ugali wa kwake. Mgeni hula cha mwenyeji, na cha mwenyeji yeye anakijua. Kisha akanirudia mimi, akaniuliza kama si kweli kwamba chakula kile huwa na mchuzi mweupe, mzito, unaobaki kwenye vidole.

Ningeweza kusema pale. Alikuwa mbali, asingeniona uso.

"Labda hao wapishi hawajui, Mama," nikasema. "Au hamjapelekwa mahali penyewe."

"Na mimi nimewaza hivyo hivyo," akasema, na simu ikakatika.

Hamjapelekwa mahali penyewe. Nililitamka mara moja, bombani, na povu mikononi, na sijawahi kupika kitu kikawashibisha watu wengi kama neno lile. Mama alirudi nalo. Eveline alikuwa amempeleka hoteli kumi na moja kwa wiki tatu, kubwa na ndogo, hadi za wavuvi, na kila mahali Mama aliangalia sahani, akaonja, akasema si hiki, akala mkate. Eveline alizihesabu zile hoteli kama taabu aliyoipata. Mama alizihesabu kama matusi kumi na moja. Alisema mtu hawezi kukosea mara kumi na moja asipokusudia. Na yeyote aliyejaribu kumtetea yule mwanamke aliulizwa swali moja: mbona Devota alikipika hapa hapa, kwa mkaa, na hata Dar es Salaam hajawahi kufika?

Ndipo majirani wakaanza na mlango uliovunjwa.

Mama alitaka jambo moja, nalo ni la mila. Mke akishindwa kumlisha mama wa mume wake, anarudishwa kwa mama yake mzazi akafundwe upya, na anakaa huko mpaka wazee waridhike. Zamani ilikuwa ni kuvuka kilima. Wiki mbili, mwanamke anarudi na kuku na mambo yameisha. Safari hii ilikuwa ni kutoka Uswidi. Eveline angeacha kazi, na kazi ya kule ukiiacha hawakuwekei. Mtoto angekuja naye au angebaki na baba, hilo lilikuwa halijasemwa. Gideoni hajawahi kumbishia mama yake tangu azaliwe; alisema wazee wakikubaliana, yeye atakata tiketi.

Eveline aliniandikia. Alisema hajui amekosea wapi, kwamba mimi namjua Mama kuliko yeye, je, kuna kitu alipaswa kufanya akakiacha. Niliusoma ule ujumbe nikiwa nachambua mboga. Nikamjibu: "Pole dada, nakuombea." Na kweli nilimwombea. Nilimwomba Mungu amsaidie Eveline kwa njia yoyote ambayo haikupitia kwangu.

Mwezi wa nane tukaenda Iringa, nyumbani kwa wazazi wake, kupeleka maneno. Tulikuwa watatu: Mama, mzee Lugano ambaye ni mdogo wa marehemu mume wake na ndiye msemaji, na mimi. Mama alisema shahidi haachwi nyumbani. Alinipa kitenge chake mwenyewe, kile cha sherehe, akanifunga kwa mikono yake, akasema huko tuendako wanione kwamba nina watu.

Basi liliondoka Uyole alfajiri. Nilikaa dirishani nikawa nayapanga yale maneno matatu. Tulipofika Makambako nilikuwa nimeamua kusema. Mafinga, kwenye miti ya mbao, nikaamua tena. Mtu anayeamua mara mbili jambo lile lile bado hajaamua.

Nyumba iko Kihesa, ya matofali ya kuchoma, ina maua ya makopo barazani. Mzee Kalinga, baba yake Eveline, ni mtu mrefu, mzee wa kanisa la Kilutheri, na alitupokea kwa mikono miwili, kamwene, kamwene, karibuni wakwe. Mama Eveline, ambaye jina lake ni Faustina, alitusalimia akiwa amepiga magoti, akarudi jikoni. Chakula kilikuwa tayari. Hotpoti zilikuwa zimepangwa mezani, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na harufu ya kuku wa kienyeji ilijaa sebule. Hakuna aliyezitazama. Ukipeleka lawama kwa wakwe, huli mpaka maneno yaishe. Ukishakula chakula chao, umesema yameisha, na ukiyafufua baadaye unaonekana mtu usiye na haya. Sote tulilijua hilo. Kwa hiyo tulikaa mbele ya chakula kile kama watu wanaosubiri kuitwa.

Mzee Lugano alisema, na alisema vizuri. Hakumtukana mtu. Alieleza jinsi mama alivyochagua nchi kwa ajili ya chakula chake, jinsi alivyokwenda na moyo mweupe, jinsi alivyorudi. Alizitaja hoteli kumi na moja. Mzee Kalinga alisikiliza, mikono juu ya magoti. Mzee Lugano alipomaliza, mwenyeji aliuliza swali moja tu. Aliuliza, kwa unyenyekevu, ni nani hapa anayejua chakula cha Ureno kinatakiwa kiweje.

Mama alinielekezea kidevu. "Huyu hapa."

Mzee Kalinga akanigeukia. Alianza kwa Kihehe, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na kwetu Ilula ni upande gani, na nilipomtajia babu yangu akatabasamu, alikuwa anamfahamu. Kisha akahamia Kiswahili ili wote wasikie.

"Binti yangu, ulipika kama walivyokuonyesha?"

Nilimwangalia Mama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa amekaa ameegemea, mikono imetulia mapajani, anasubiri niseme kama mtu anavyomsubiri mwanawe asome somo kanisani. Miaka sita hakuna aliyenitazama vile. Wala kabla ya hiyo sita.

"Nililoweka samaki siku mbili," nikasema. "Nikabadilisha maji asubuhi na jioni. Nikamchambua, nikaweka viazi na vitunguu."

Yote hayo yalikuwa kweli.

"Kama walivyokuonyesha," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

Aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba yeye angeweza kubishana na mkwe wake, maana kila mzazi anaamini kuku wake hadonoi. Lakini kama mtoto wa Ilula, wa kabila lake mwenyewe, asiye na sababu yoyote ya kumchukia Eveline, amesema hivi, basi kosa liko kwao, na wao wanalipokea. Alisema jioni atampigia mwanawe yeye mwenyewe. Atamwambia arudi. Chumba chake kipo.

Nilitegemea Mama afurahi. Alishusha mabega, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akaangalia chini. Nilimwona akifungua mdomo kama anataka kuuliza habari za mjukuu, akaufunga. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba mtoto naye angekuwa kwenye hiyo safari, au asingekuwepo, na kwamba yote mawili yalikuwa mabaya.

Mama Eveline alikuwa ameshatoka jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mikono ndani ya khanga. Sasa alisimama, akaniomba nimsaidie kuleta maji ya kunawa.

Jikoni kulikuwa na giza kidogo na joto. Aliepua birika, akamimina kwenye jagi, akachanganya na ya baridi, akapima kwa kiwiko. Alifanya yote hayo taratibu, bila kunitazama. Halafu akaniuliza kama ni kweli mchuzi ulikuwa mweupe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ulikuwa ukishika vidole. Nikauliza sabuni iko wapi.

"Mimi nimepika harusi hapa Kihesa zaidi ya ishirini," alisema. "Misiba siihesabu. Ureno siijui. Tui nalijua."

Niliangalia lile jagi. Mvuke ulikuwa unapanda.

Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema kwa chini, karibu kwa kunong'ona, kwamba hanilaumu kwa kile chakula. Hata yeye, alipokuwa bibi harusi, alikuwa akitia asali kwenye uji wa mama mkwe wake na kusema ni ulezi wa kwao Kilolo, na yule mama alikufa akiusifu. Kupika ni hivyo, alisema, mtu anataka asifiwe. Lakini ule uji haukumwangukia mtu. Huu wangu una mtu chini yake, na huyo mtu ana mtoto.

Nilimwuliza kwa nini asiseme yeye.

"Nikisema mimi nitakuwa mama anayemtetea mwanawe," akajibu. "Na wewe watakuuliza, na wewe utasema ndiyo, baba. Nimekusikia unavyoisema. Unaisema vizuri."

Sebuleni kulikuwa na sauti za vifuniko. Mzee Lugano alikuwa ameanza kufungua hotpoti, anasifu wali. Mama Eveline alisikiliza kidogo, akageuka, akaniweka taulo begani. Akanipa sabuni na beseni mkono wa kushoto. Akanipa jagi mkono wa kulia, na kabla hajaliachia akalishikilia, mikono yetu yote miwili ikawa kwenye mshikio mmoja.

"Wakishanawa wakala, limekwisha. Halirudi," alisema. "Sema wewe, kabla hawajanawa. Nakuomba, mwanangu. Sikuamuru. Nakuomba."

Akaachia.

"Devo," Mama aliita kutoka sebuleni. "Maji."

Nilitembea. Ni hatua chache kutoka jikoni mpaka kwenye viti, nadhani sita. Mzee Kalinga alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Anayenawishwa kwanza ni mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa alikuwa Mama. Nikapiga magoti mbele yake, nikaweka sabuni kwenye ukingo wa beseni. Alikunja mikono ya gauni mara mbili, kama afanyavyo siku zote, akatazama chini akaona kitenge chake kinaburuzika sakafuni, akaninyanyulia pindo. Kisha akanyoosha viganja juu ya beseni, akasubiri.

Nyuma yangu sikusikia mlango wa jikoni ukifungwa. Mama Eveline naye alikuwa anasubiri.